Fomu ya fidia haina kiasi: nisaini au nisisaini?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni mkulima mkoani Geita. Mwenye leseni ya kuchimba dhahabu alikuja kijijini na mthamini, wakahesabu nyumba yangu, mihogo na miembe, wakanipiga picha nimeshika kibao chenye namba. Tangu siku hiyo tumekatazwa kupanda mazao ya kudumu. Sasa ni mwezi wa ishirini, fedha hatujaona. Wiki jana kiongozi mmoja wa kijiji ameniletea fomu nisaini, sehemu ya kiasi iko wazi, na anataka nimpe pesa kidogo ili jina langu lisirukwe. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana. Usisaini.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linalowaumiza wengi. Fomu ikiwa na saini yako na kiasi kikaja kujazwa baadaye, ni wewe utakayehangaika kuthibitisha kwamba hukukubali. Niliwahi kumsaidia mama mmoja ambaye karatasi yake ilionyesha miembe mitatu. Kilichomwokoa ni picha zake mwenyewe za shamba: tulihesabu mashina pamoja, moja moja, yakafika kumi na moja. Kwa hiyo piga picha leo kila mti, kila ukuta, na choo pia, jirani akishuhudia. Kule Nyamongo, Tarime, waliojenga vibanda vya haraka ili walipwe fidia waliitwa watu wa "tegesha", na nimeona jina hilo likitumika kuwanyamazisha hata wenye haki. Picha zenye tarehe ndizo zitakazokutofautisha nao.

Leseni ya madini haimpi mtu shamba lako. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, mwenye leseni anahitaji ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 za nyumba au mita 50 za shamba lililolimwa. Huwezi kumnyima ridhaa hiyo bila sababu ya msingi, lakini kutaka kulipwa kwanza ni sababu ya msingi kabisa. Na kama ardhi ya kijiji inahamishwa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka aina, kiasi na muda wa kulipa fidia vikubaliwe kabla ya uhamisho. Omba muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliojadili jambo hili. Kama mkutano haukufanyika, hoja yako inapata nguvu zaidi.

Kuhusu ucheleweshaji, Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inahesabu muda tangu Mthamini Mkuu wa Serikali alipoidhinisha taarifa. Ikipita miezi sita bila malipo, fidia inaanza kuzaa riba. Ikipita miaka miwili, uthamini huo umekufa na lazima ufanyike upya kwa bei za sasa. Kwa hiyo usiulize tu "mtalipa lini", uliza tarehe ya idhini. Mara nyingi hilo swali dogo ndilo wasilotaka kulijibu.

Hiyo pesa unayodaiwa pembeni ni rushwa, na ukiitoa nawe umetenda kosa. Piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Andika siku aliyokuja, maneno aliyosema na nani alikuwepo, kabla hayajakutoka kichwani.

Mgogoro wako na mwenye leseni unaweza kusikilizwa na Tume ya Madini, kwa hiyo anzia kwa Afisa Madini Mkazi. Suala likigeuka kuwa la nani ana haki juu ya ardhi yenyewe, linapita Baraza la Kata kwa usuluhishi, na tangu mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu. Wasiposuluhisha ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama huna fedha ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inakuhusu. Waulize maafisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wako wapi.

Kesho peleka barua moja kwa mtendaji wa kijiji na nyingine kwa mwenye leseni, ukidai nakala ya karatasi yako ya uthamini na tarehe ile ya idhini. Usiondoke mpaka nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.