Umechukua kitoto cha paka kwenye kituo cha kuokoa wanyama na unataka kujua ni bridi gani? Soma hii kwanza

Tangu nianze kuweka picha za Pilau kwenye status, swali ni lile lile, "huyu ni bridi gani?" Pilau ni paka jike, kahawia, ana mabaka meusi yamejiviringa ubavuni, nilimchukua kwenye kituo cha kuokoa wanyama hapa Nairobi akiwa bado anakaa kwa kiganja. Jirani akasema ni Sokoke, ile bridi ya paka ya pwani yetu. Binamu yangu wa Malindi naye akasema Sokoke, tena kwa uhakika kabisa. Mwingine kwa grupu akasema Bengal, mwingine Maine Coon, ile bridi ya paka wakubwa, sababu ya vinyoya vya masikioni. Kwenye kadi yake kituo kiliandika herufi tatu tu, DSH, yaani paka wa kawaida wa manyoya mafupi, na mimi nasema kadi iko sawa, na ya kitoto chako pia karibu hakika iko sawa.

Sababu ni hii. Bridi ya paka haiko kwa sura, iko kwa ukoo ulioandikwa. Paka wa bridi ni yule ambaye mama anajulikana, baba anajulikana, babu na bibi wanajulikana na wote wako kwenye daftari la chama fulani, kama CFA ya Marekani iliyoanza 1906, au TICA, au FIFe ya Ulaya. Mambo ya bridi za paka yenyewe ni ya juzi tu, onyesho kubwa la kwanza la paka lilifanyika Crystal Palace, London, mwaka 1871, na bridi nyingi tunazozisikia zimetengenezwa baada ya hapo. Kabla ya hapo paka walikuwa wanazaana wanavyotaka, na wengi wao hadi leo wanazaana wanavyotaka, hasa huku kwetu ambapo paka shume wa mtaa anatembelea maboma yote usiku mmoja na kitita kimoja cha watoto kinaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, ndio maana utaona mmoja ana milia, mwingine mweusi tii, mwingine mabaka na wote wamezaliwa siku moja.

Hapa ndipo mbwa wanatuchanganya. Kwa mbwa tumezoea kusema huyu ni chotara wa German Shepherd, na mara nyingi ni kweli kuna babu wa bridi mahali. Kwa paka mambo ni kinyume, paka wa kawaida ndio walikuwepo kwanza, halafu watu wakachagua wachache wao wakawafungia ukoo. Kwa hiyo paka wa mtaa sio mchanganyiko wa bridi zilizopotea njia, yeye ndiye shina lenyewe.

Sasa twende kwa hii Sokoke sababu Wakenya tunaipenda sana kuitaja, na tuna haki ya kuipenda, ni yetu. Imepewa jina la msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, Wagiriama walikuwa wanamjua zamani kwa jina la kadzonzo. Mwaka 1978 Jeni Slater alipata vitoto vya paka wenye mabaka ya ajabu kwenye shamba lake huko pwani akawalea, 1984 Gloria Moeldrup akapeleka baadhi yao Denmark, na 1993 FIFe ikawatambua rasmi. Sokoke wa kweli ana miguu mirefu, ya nyuma imezidi ya mbele kidogo kwa hiyo anatembea kama anachuchumilia, mwili mwembamba, na yale mabaka yake sio meusi matupu, ndani yake kuna vinywele vimechanganyika rangi.

Hiyo ya vinywele unaweza kuiona mwenyewe nyumbani. Ngoja paka alale karibu na dirisha asubuhi, jua likiwa pembeni, halafu panua manyoya ya ubavuni kwa vidole viwili. Pale kwenye sehemu ya kahawia utaona unywele mmoja una pete pete, nyeusi, njano, nyeusi tena hadi kwa ncha. Kwenye baka jeusi la Pilau unywele ni mweusi karibu kote. Ila hata kama ungekuta pete hadi ndani ya baka, bado hiyo sio cheti, sababu mabaka ya kujiviringa kama yale yanatoka kwa jeni moja tu na utayakuta Istanbul, London, Githurai, popote. Utafiti uliotoka 2017 kwa kupima DNA ya mabaki ya paka wa kale uliyakuta kwanza kwa paka wa Uturuki wa karne ya 14. Na ile alama ya M kwenye paji la uso ambayo kila mtu ananionyesha kama ushahidi iko kwa kila paka mwenye milia duniani.

Kitu ambacho mimi kilinifurahisha zaidi ni kwamba waliopima DNA ya Sokoke walikuta wako karibu sana na paka wa kawaida wa Lamu na pwani yetu. Yaani Sokoke mwenyewe ni paka wa pwani aliyepata daftari. Pilau anaweza kabisa kuwa na damu moja nao na bado asiwe Sokoke, na hakuna ugomvi hapo.

Sifa zingine zinazodanganya watu nitazipitia haraka. Kijivu sio lazima Russian Blue, ni jeni ya kupunguza rangi nyeusi na iko kwa paka wa mtaa tele. Manyoya marefu sio lazima Persian, wazazi wawili wa manyoya mafupi wanaweza kuzaa mtoto wa manyoya marefu kama wote wamebeba ile jeni kimya kimya. Mwili mweupe na uso, masikio na mkia mweusi, hiyo ndiyo watu wanaita Siamese, ni rangi inayofuata joto la mwili, sehemu za baridi zinakuwa nyeusi, na paka wa kawaida anaweza kuirithi. Rangi ya chungwa iko kwenye kromosomu ya X, ndio maana paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, ila hiyo inakwambia jinsia sio bridi. Na macho ya bluu kwa kitoto, subiri! Vitoto vyote vinafungua macho ya bluu, rangi ya kweli inaanza kuingia kama wiki ya sita au saba na inaendelea kutulia miezi kadhaa. Kuhusu Maine Coon, wale wanachukua hadi miaka mitatu minne kumaliza kukua, kwa hiyo kusema kitoto cha miezi miwili ni Maine Coon kwa sababu ya vinyoya vya masikio ni haraka sana.

Vipimo vya DNA vipo, kama Wisdom Panel na Basepaws, unasugua swabu ndani ya shavu unatuma maabara. Mimi sikatai, ila soma majibu vizuri. Ukiambiwa asilimia fulani ya bridi fulani, mara nyingi maana yake ni kwamba DNA ya paka wako inafanana kiasi hicho na ya bridi hiyo, sio kwamba kuna babu wa bridi hiyo alipita. Na kwa paka wetu wa Afrika Mashariki wanalinganishwa na paka ambao wengi wako Marekani na Ulaya. Sehemu yenye faida kweli ni ile ya magonjwa ya kurithi. Kama hela ni ya kubana, hiyo hela peleka kwa chanjo.

Kuna hali ambapo sura inahitaji uiangalie kwa makini, na hapo usipuuze. Masikio yaliyokunjwa kwa mbele, kama Scottish Fold, yanatoka kwa jeni ambayo inaharibu gegedu na mifupa ya mwili mzima, kwa hiyo kitoto kama hicho mkague miguu na mkia, ukiona mkia umekakamaa au anachechemea mpeleke kwa daktari wa mifugo. Uso bapa kama wa Persian, sikiliza anavyopumua akilala na futa macho yake kila siku. Hapo simwangalii kwa ajili ya jina, namwangalia asiumie.

Mambo ambayo mimi ningehangaika kuyajua siku ya kwanza ni umri na jinsia, sababu kila kitu kinafuata hapo. Umri uko mdomoni. Inua mdomo wa juu taratibu kwa kidole gumba, akiwa ameshiba na ametulia. Meno madogo madogo kama sindano ni ya utoto, yanakamilika 26 akiwa na miezi miwili hivi. Ukiona yale ya mbele kabisa ni mapana na meupe zaidi kuliko ya pembeni basi ameanza kubadilisha, yuko miezi mitatu na nusu au minne. Akifika miezi sita hadi saba ana 30 ya ukubwani. Mpime na uzito pia, kitoto mwenye afya anakuwa na takriban nusu kilo kwa kila mwezi wa umri katika ile miezi ya mwanzo. Chanjo zinaanza wiki ya nane hivi, ya kichaa cha mbwa kuanzia kama miezi mitatu, na kufunga kizazi usingoje, paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, wewe bado unamuita mtoto.

Na tafadhali, ukiona mtu mtandaoni anauza "Sokoke pure" kwa bei ya juu, muombe cheti cha ukoo na namba ya usajili ya wazazi. Akianza kukuonyesha mabaka badala ya karatasi, muache. Vituoni vitoto wa mabaka hayo hayo wanangoja kuchukuliwa, na daktari akikuuliza bridi ya kujaza kwenye kadi ya chanjo mwambie aandike DSH muendelee na kumpima minyoo.