Jaribu databesi yako kwa neno ng’ombe

Herufi zote za Kiswahili zimo ndani ya ASCII, ile seti ya msingi ya herufi za kompyuta. Ndiyo maana mtu anaweza kuendesha mfumo miaka bila kutaja seti ya herufi kwenye muunganisho wa databesi, na asilalamikiwe. Shida huanza mteja anapoandika ng’ombe kwa simu yenye kuweka apostrofi iliyopinda. Hiyo haimo kwenye ASCII. Katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote kwa baiti, inachukua baiti 3: E2 80 99.

Niliwahi kukabidhiwa mfumo wa PHP wa ushirika wa wafugaji. Kwenye kurasa zake kila kitu kilisomeka sawasawa. Tulipoongeza programu ya simu, kila ng’ombe akawa ngâ€™ombe, na lawama zote zikamwendea kijana wa simu. Kumbe hana kosa. Mfumo wa zamani ulikuwa ukituma UTF-8 huku muunganisho ukiiambia MySQL (seva ya databesi) kwamba hiyo ni latin1, seti ya zamani ambayo kila herufi ni baiti moja. Seva ikaigeuza kuwa UTF-8 mara ya pili, ikahifadhi baiti 8 badala ya 3. Wakati wa kusoma, muunganisho uleule uliigeuza kinyume, kwa hiyo kosa lilijifuta kabla halijaonekana. Programu ya simu ilitaja UTF-8 sawasawa, ndiyo maana ikaonyesha kilichohifadhiwa kama kilivyo.

Basi usiiamini skrini. Andika `SELECT HEX(jina)` uone baiti zenyewe. E28099 ni salama. C3A2E282ACE284A2 ujue imegeuzwa mara mbili.

PHP huunganishwa na MySQL kwa mysqli au PDO. Seti ya kutaja ni utf8mb4, yaani UTF-8 kamili ya MySQL. Kwa mysqli, mara tu baada ya kuunganisha:

`$db->set_charset('utf8mb4');`

Kwa PDO, weka `charset=utf8mb4` ndani ya DSN (ule mstari wa maelezo ya muunganisho). Wengi hupenda kutuma amri ya SQL `SET NAMES`, mimi siipendi: seva inapata habari, lakini mysqli yenyewe haijui, na `real_escape_string`, inayosafisha maandishi kabla ya kuyaweka kwenye amri ya SQL, inaendelea kufuata seti ya zamani.

Na usiandike `utf8` tupu. Kwa MySQL hiyo huishia baiti 3, na emoji nyingi zinataka 4.

Kama mfumo una data tayari, usibadilishe muunganisho peke yake, maana rekodi za zamani zitavurugika machoni pa watumiaji siku hiyohiyo. Chukua nakala kwanza, simamisha uandishi, kisha rekebisha rekodi zilizoharibika:

`CONVERT(CAST(CONVERT(jina USING latin1) AS BINARY) USING utf8mb4)`

Chagua kwa HEX rekodi za kugusa. Zile ambazo programu ya simu iliziandika vizuri, ukizipitisha humo, unaziharibu.