Wakikupa ukuu wa dizaini, uliza kwanza nani ana neno la mwisho

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Dada shikamoo. Kuna kampuni changa hapa Dar imenipa ukuu wa dizaini. Kitengo chenyewe bado ni mimi peke yangu. Nikubali?"

Marahaba, mdogo wangu. Kubali. Lakini kabla hujasaini nisikilize, maana njia hiyo nimeipita.

Nilishika nafasi kama hiyo kwenye kampuni iliyotengeneza programu ya simu ya kuwatunzia wenye maduka hesabu za madeni. Mkuu wa dizaini, na chini yangu hakuna mtu. Kazi niliianzia Manzese, dukani kwa mama mmoja anayeuza rejareja. Madeni yake yote yalikuwa kwenye kaunta buku: "Mama Zawadi geti jeusi, sukari nusu." "Fundi Saidi, unga kilo mbili, Ijumaa." Programu yetu ilimtaka ajaze majina mawili na namba ya simu ndipo aandike deni. Nikamwangalia akijaribu huku wateja wamesimama, mtoto anadai pipi, na jua linapiga kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Alipofika kwenye namba ya simu, akaiweka simu chini, akachukua kalamu.

Nikarudi ofisini nikasema namba iondoke, na jina liwe moja, lolote analomwitia mteja wake. Mwanzilishi akakataa: wawekezaji wanataka kuona namba za wateja. Tulivutana sana. Kilichoniokoa ni sentensi moja kwenye barua yangu ya ajira, niliyoidai tangu mwanzo, kwamba skrini yoyote anayoiona mtumiaji haitoki bila idhini yangu. Ikatoka nilivyotaka, na wenye maduka wakaanza kuandika madeni yao humo. Kazi ile najivunia mpaka leo.

Watu wanapenda kunitajia Airbnb, kampuni ya mtandaoni ya kukodisha nyumba za watu kwa wageni: waanzilishi wake Brian Chesky na Joe Gebbia walisomea dizaini, na mwaka 2009 walikwenda wenyewe New York kupiga picha nyumba za wenyeji wao. Ni kweli, na ni mfano mzuri wa kumfuata mtumiaji alipo. Ila wale ndio waliokuwa wenye kampuni, hawakuomba ruhusa kwa mtu. Wewe unaajiriwa. Nguvu utakayokuwa nayo ni ile iliyoandikwa.

Na hata iliyoandikwa ina mpaka wake. Fedha za wawekezaji zilipoingia, nililetewa bosi juu yangu. Habari niliipata mkutanoni, pamoja na wengine wote. Skrini zangu zikaoneshwa ukutani, zikielezwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga dukani kwa yule mama. Jina langu halikutajwa. Bado inaniuma, sitaficha. Mwenzangu wa upande wa kuandika programu aliumia zaidi: aliahidiwa hisa kwa mdomo, na jina lake halikufika BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni.

Kwa hiyo waulize mapema: wakija kuajiri mkubwa zaidi, wewe utakuwa nani, na jibu liandikwe. Hisa ziandikwe. Neno la mwisho kwenye skrini liandikwe. Vijana wetu wanafurahia cheo, wanakiweka LinkedIn jioni ileile, halafu miezi inapita wanachora vitufe vilivyoamuliwa na wengine. Msikubali kutumiwa hivyo. Anayekataa kukuandikia leo, mkiwa mnapatana, hatakuandikia siku mtakayogombana.

Ukishaanza, nenda kwa watumiaji kila wiki, na usiende peke yako. Mchukue mwandika programu mmoja akae nawe dukani. Ubishi mwingi wa ofisini utakwisha palepale, kwa sababu ameona mwenyewe mama anavyohangaika.

Nitumie rasimu ya mkataba kabla hujasaini. Nitaisoma mstari kwa mstari.