Jeli niliyoiamini, na kikaratasi kilichoniumbua

Kwa karibu miaka miwili niliweka tyubu ya jeli ya kuua mbegu za kiume kwenye droo kando ya kitanda, nikiamini kwamba kinachoua mbegu hakishindwi na kirusi. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijidanganya mwenyewe.

Nesi aliyenitoa ujinga huo hakunihubiria. Alinipa vikaratasi vya kupimia asidi, akasema nijipime kabla na baada ya tendo. Kabla, kikaratasi kilitoka njano: uke wenye afya una pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi ni kali zaidi) ya 3.8 hadi 4.5 hivi, asidi ya bakteria wazuri inayovipa virusi tabu. Baada ya kulala na mume wangu bila kondomu, kilitoka kijani. Shahawa zina pH ya 7.2 hadi 8, na huzima asidi ile kwa saa kadhaa. Nilikigeuzageuza kwenye mwanga wa taa kama risiti ya deni.

Na si asidi tu. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walieleza kwamba vipande vya protini vilivyomo kwenye shahawa hujisokota kuwa nyuzinyuzi, VVU vikanata humo na kuingia kwenye seli kirahisi zaidi. Kwa hiyo dawa inayotamba maabara, ikichanganywa na shahawa, inaweza kupungua makali.

Jeli yangu ilikuwa na nonoksinoli-9, ndiyo dawa yenyewe ya kuua mbegu. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2000 yalionyesha kuwa waliopewa dawa hiyo waliambukizwa VVU zaidi ya waliopewa jeli isiyo na dawa, maana huchubua ngozi laini ya ndani. Jeli ya tenofovir, dawa ya kupambana na VVU, ndiyo iliyotia moyo: Afrika Kusini, mwaka 2010, ilipunguza maambukizi ya VVU kwa asilimia 39 na malengelenge ya sehemu za siri kwa 51. Majaribio yaliyofuata hayakurudia mafanikio hayo. Wengi hawakuwa wakiitumia. Tena bakteria wabaya wakijaa ukeni, huivunjavunja dawa yenyewe.

Kwa hiyo, dada, acha kujisafisha ndani kwa sabuni. Unawafukuza walinzi wako. Kondomu ina faida moja kubwa: majimaji hayakutani kabisa. Ipake kilainishi cha maji, si mafuta, maana mafuta huozesha mpira wake. Kama mwenzio haitaki, uliza kliniki kuhusu vidonge vya PrEP, vya kujikinga kabla ya kuambukizwa, au pete ya dapivirini, inayowekwa ukeni, ila hivyo ni vya VVU. Malengelenge na kaswende usivitarajie vikuzuilie.