Hiyo AS umeitoa wapi

Mwanangu Zainabu,

Ujumbe wako nimeupata. Umepima damu huko Kampala kabla ya posa, cheti kimeandika AS, na sasa unauliza imetoka wapi wakati mimi na mama yako hatujawahi kuugua selimundu, tena kama uvunje uchumba. Shangazi yako naye ameshakujibu kwamba ni ugonjwa wa ukoo wa mama yako. Nianze hapo, maana maneno hayo yamenikera.

Kwanza, AS si ugonjwa. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, moja kwa baba, moja kwa mama. A ni nakala ya kawaida, S ni ya selimundu. Wewe umepata A huku na S kule, na A moja inatosha kukuweka mzima. Pili, tulikwenda kupima sote wawili. Mama yako ni AA. Mimi ndiye AS. Shangazi yako, ambaye tumezaliwa tumbo moja, nimempa majibu hayo. Sasa anauliza kipimo ni shilingi ngapi.

Kama unataka kuona jambo hili kwa macho, tazama kuku wetu wa kishingo. Wako wenye shingo tupu kabisa, na wako wenye kishungi cha manyoya mbele ya shingo. Mwenye kishungi ana nakala moja ya jeni ya kishingo. Aliye mtupu kabisa anazo mbili. Pandisha jogoo wa kishungi kwa tetea wa kishungi, ukitotoa vifaranga wengi utakuta kama robo shingo tupu, nusu wana kishungi, na robo wamejaa manyoya kama kuku yeyote. Mama yako alipoona kifaranga wa namna hiyo ya mwisho alimsingizia jogoo wa jirani! Kwa AS wawili hesabu ni hiyo hiyo, ila kishungi cha binadamu kinaonekana maabara tu.

Kwa hiyo habari ya kuvunja uchumba haina jibu mpaka kijana naye apime. Akiwa AA, hamtazaa mtoto wa selimundu. Wengine watakuwa AS kama wewe, basi. Akiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa SS, yaani mgonjwa wa selimundu. Nasema kila mimba, kwa sababu watu wengi wakishazaa mgonjwa mmoja hudhani watatu wanaofuata wameokoka. Hesabu huanza upya kila mara.

Wala usiione haya hiyo S. Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper walichapisha matokeo ya kupima damu za makabila ya Uganda: Baamba wa Bundibugyo walikuwa nayo kwa wingi mno, watu wa milima ya Kigezi wachache sana. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison akaeleza sababu: mwenye AS hukingwa dhidi ya malaria kali. Penye mbu wengi, watoto wa AS ndio waliopona wakakua wakazaa. Babu zako wa upande wangu huenda walinusurika kwa hiyo hiyo.

Mkikutwa nyote AS, uamuzi ni wenu. Mimi ningeogopa, sikufichi. Siku hizi mtoto hupimwa mapema, huanzishiwa penisilini angali mchanga, na ipo dawa ya haidroksiyurea inayopunguza yale maumivu ya mifupa; hospitali ya Mulago hapo Kampala wana kliniki yao. Lakini ni dawa za kila siku na gharama zisizokwisha, na mara nyingine mtalala wodini.

Kijana apime kile kipimo cha kutenganisha himoglobini, kinachoandika AA, AS au SS. Vipo vya haraka vinavyosema tu kama S ipo, havisemi ni moja au mbili. Cheti kikitoka nitumie picha, kabla wazee wao hawajapanga siku ya kuja.

Baba yako,
Kigumba