Kioo cha simu kinakikataa kidole changu

SWALI: Mama mshauri, habari za kazi. Nina miaka 74, seremala mstaafu. Siku hizi kioo cha simu kinanikataa. Nagusa, kimya. Nikibonyeza kwa nguvu, kinafungua kitu nisichokitaka. Alama ya kidole haitambuliki, na namba ya uthibitisho ikija, muda wake unaisha kabla sijamaliza kuiandika. Mjukuu wangu akiniona nahangaika hunipokonya simu, vidole vinakimbia, “tayari babu,” ananirudishia. Namshukuru, lakini sijui alichofanya, na kesho yake lazima nimwite tena. Sasa hata chupa ya dawa imenishinda: nazungusha kifuniko, kinalia tu bila kufunguka. Je, ndiyo uzee huu?
Seremala

JIBU: Shikamoo, kaka yangu. Hapana, akili yako ni nzima na mikono yako haina kosa.

Kioo cha simu hakipimi nguvu. Kinahisi badiliko dogo la umeme pale ngozi inapokigusa, na ngozi kavu haipitishi umeme vizuri. Umri hukausha ngozi, na wewe juu ya hapo una sugu za msumeno na patasi, kwa hiyo mara nyingine kioo hakikioni kabisa kidole chako. Ukikandamiza, kidole kinakaa mno mahali pamoja, na simu huchukulia kukaa huko kuwa amri nyingine. Ndipo yanapofunguka usiyoyataka. Paka mafuta mikononi, yaache yaingie, futa kioo, kisha gusa kwa nyama ya kidole, si kwa ncha wala ukucha, na uachie upesi. Zipo pia kalamu za kugusia kioo, zenye ncha laini ya mpira. Mimi natumia hiyo na sioni aibu. Halafu fungua mipangilio, utafute sehemu ya ufikivu, yaani ile ya kurahisisha matumizi ya simu. Humo simu nyingi zinakuruhusu kuongeza muda wa kugusa, ili kidole kinachochelewa kuachia kisihesabiwe kuwa kimeshikilia. Ukiwa huko huko, kuza na maandishi.

Alama ya kidole isikusumbue. Vile vimistari vya ngozi hulika kwa kazi za mikono, na umri nao huvifanya bapa. Jaribu kusajili kidole kingine cha mkono usioutumia sana. Kikikataa, namba ya siri inatosha. Namba ya uthibitisho ikiisha muda, omba nyingine kwa utulivu, ila usimtajie mtu yeyote anayekupigia simu akiitaka, hata akijitambulisha kwa heshima namna gani.

Sasa mjukuu. Hapa ndipo barua yako iliponigusa, maana naliona jambo hili katika nyumba nyingi na linaniuma. Kijana ana upendo, lakini anakuacha pale pale alipokukuta. Wewe ulipomfundisha mwanafunzi kupiga randa, randa ilikaa mkononi mwake, akaharibu ubao, ukamwonyesha tena. Mwambie naye afanye hivyo: akae kando yako, mikono nyuma, aseme kwa mdomo, na wewe ndiye uguse. Akijisahau akanyoosha mkono, vuta simu. Kila hatua iandike kwenye daftari kwa maneno yako mwenyewe, kama “gusa picha ya bahasha, chini kulia.” Chukueni jambo moja tu kwa siku, lile unalolihitaji kweli. Na mwombe asibadilishe mpangilio wa picha kwenye kioo bila kukuambia, maana hilo linaweza kukurudisha mwanzo.

Kifuniko cha dawa kina sababu yake. Henri Breault, daktari wa watoto nchini Kanada, ndiye aliyebuni mwaka 1967 kifuniko cha kukandamiza na kuzungusha, baada ya kuona watoto wengi wakiletwa wamemeza dawa. Kikilia bila kufunguka, hakijakandamizwa vya kutosha. Weka chupa mezani, laza kiganja juu yake, egemea kwa uzito wa mkono wako, kisha zungusha bila kulegeza. Ikishindikana, mwulize mfamasia kama anaweza kukupa kifuniko cha kawaida. Akikupa, dawa zihamie kwenye kabati lenye kufuli, kwa sababu kile kigumu kiliwekwa kwa ajili ya wajukuu wako wadogo.