Kidato cha pili, kisha mwaka mmoja Uingereza

Habari dada. Umeuliza kijana wa miaka 14, kidato cha pili hapa Moshi, atasoma wapi huo mwaka wa masomo ya baba yake Leeds. Akiwa na viza ya mtegemezi, shule ya serikali haina ada. Tafuteni nyumba kwanza: wengi hukwama kwenye uthibitisho wa anwani wanapoomba shule. Akiwa ametimiza 14 kabla ya Septemba huwekwa darasa la mwaka wa 10 (Year 10), mwanzo wa kozi ya miaka miwili ya GCSE, mitihani ya sekondari ya huko, kwa hiyo atarudi bila cheti. Hilo lisikusumbue. Kinachouma ni kukosa mtihani wa kidato cha pili wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Aufanye ndipo msafiri. Mkuu wa shule aandike barua ya kumshikia nafasi, yenye muhuri, siyo ahadi ya mdomo. Vitabu vya Kiswahili abebe.